Kukaa Ng'ambo Majira Yote ya Baridi: Mwongozo wa Viza kwa Mzazi wa Magharibi ya Kenya

Mzazi wa Kakamega, Siaya au Molo anapoitwa na mwanawe aishiye ng'ambo aende kumsaidia kulea mtoto mchanga, nyumbani watu huanza kuulizana bei ya tiketi. Tiketi na ingoje. Yapo maswali mawili yanayoitangulia: mzazi atakaa siku ngapi, na mwana anayemwalika anaishi huko kwa hati gani? Majira ya baridi ya nchi za kaskazini hushika Desemba, Januari na Februari, na sehemu nyingi za Kanada huendelea hadi Machi. Kwa ziara ya wiki mbili karibu kila viza ya wageni ingetosha, lakini kwa ziara ya msimu mzima nchi moja itampa mzazi siku 90 tu, nyingine miezi sita, na nyingine inaweza kumruhusu akae miaka mitano mfululizo iwapo mwanawe ametimiza masharti. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba hesabu ya siku ifanywe kabla ya fomu yoyote kujazwa.

Hatua ya kwanza: Panga tarehe ya kufika na ya kuondoka

Andika tarehe hizo mbili, kisha uzilinganishe na mambo yanayokungoja nyumbani. Mkulima wa mahindi wa Bungoma au Trans Nzoia, ambaye amekwisha kuvuna na anayetakiwa kuwa shambani mvua ya masika inapokaribia mwezi wa Machi, ana nafasi ya miezi mitatu hivi, na maelezo yake yanaeleweka bila kupambwa. Mwalimu aliye kazini hutegemea likizo ya mwisho wa mwaka. Akiomba miezi sita bila barua ya mwajiri inayomruhusu, ofisa atajiuliza ni nani atakayefundisha darasa lake muhula wa kwanza. Mstaafu ana uhuru zaidi, ingawa yeye naye hana budi kueleza kwa nini anataka kufika Novemba ilhali mjukuu anatarajiwa kuzaliwa mwishoni mwa Januari. Sababu ya safari, muda wa safari na maisha ya msafiri yanapaswa kukubaliana, kwa sababu mambo hayo matatu husomwa pamoja.

Hatua ya pili: Ikiwa ni Ulaya, jifunze kanuni ya siku 90

Mwana akiwa Ujerumani, Uholanzi, Ufaransa, Uswidi au katika nchi nyingine yoyote kati ya 29 za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, mzazi huomba viza ya muda mfupi iitwayo aina ya C. Viza hiyo haiwezi kumpa zaidi ya siku 90 katika kipindi chochote cha siku 180, na siku hizo ni za eneo lote kwa pamoja. Anayemaliza siku zake Berlin hawezi kuvuka kwenda Amsterdam akaanza kuhesabu upya.

Neno la kuangaliwa ni "kipindi chochote". Wengi hudhani kwamba mwaka umegawanywa mara mbili, nusu ya kwanza na nusu ya pili, na kwamba Januari huleta siku mpya. Sivyo. Kila siku unayokuwa ndani ya eneo hilo, ofisa hutazama nyuma siku 180, akijumuisha na siku hiyo yenyewe, kisha huhesabu ni ngapi kati yake ulizokuwa ndani. Siku ya kuingia huhesabiwa, na siku ya kutoka vilevile, hata kama ulitua saa tano na nusu usiku.

Tuchukue mfano wa majira ya baridi ya 2026 hadi 2027. Mama anayefika Frankfurt asubuhi ya tarehe 1 Desemba 2026 na kuondoka tarehe 28 Februari 2027 atakuwa ametumia siku 31 za Desemba, 31 za Januari na 28 za Februari, yaani 90 kamili. Miezi yote mitatu ya baridi imeingia, lakini hakuna hata siku moja ya akiba. Ikiwa alikwisha kwenda Ulaya kwa wiki moja ya mkutano wa kanisa mwezi wa Oktoba, siku hizo saba zimo ndani ya zile 180 zinazohesabiwa, kwa kuwa ukirudi nyuma siku 180 kutoka tarehe 28 Februari 2027 unafika tarehe 2 Septemba 2026. Kwa hiyo ingempasa aondoke wiki moja mapema. Na akitaka kurejea kwa siku nyingine 90, siku ya kwanza inayomfaa ni tarehe 30 Mei 2027. Nashauri kila msafiri aache angalau siku tatu au nne bila kuzitumia, kwa maana theluji hufunga viwanja vya ndege na migomo huahirisha safari. Viza ya Schengen huongezwa muda kwa sababu nzito tu, kama vile ugonjwa unaomzuia mtu kusafiri au dharura isiyoweza kuepukika. Ndege kuwa ghali wiki ile si mojawapo ya sababu hizo.

Viza ikitoka, soma kibandiko chake kwenye pasipoti kabla ya kushangilia. Kina tarehe mbili za mwanzo na mwisho, na mahali pengine kina idadi ya siku. Tarehe zinaonyesha kipindi ambacho viza inaweza kutumika, na mara nyingi ni pana kuliko siku zenyewe kwa sababu huongezwa siku 15 za tahadhari. Idadi ya siku ndiyo inayosema utakaa muda gani. Mtu aliyeandikiwa siku 60 huondoka siku ya sitini, hata kama tarehe ya mwisho ya kibandiko bado iko mbele. Tena balozi halazimiki kutoa siku zote 90 eti kwa sababu umeziomba.

Masharti mengine yanafahamika vizuri. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, nayo hairudishwi ombi likikataliwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na angalau kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa halali kwa miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya matibabu iwe ya yuro 30,000 au zaidi, ifanye kazi katika nchi zote za Schengen, na igharamie matibabu ya dharura pamoja na kumrudisha mgonjwa au maiti nyumbani. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kupitia Paris kwa saa chache hakuifanyi Ufaransa kuwa mwenyeji wako.

Kwa wanaokwenda Ujerumani, ipo hati moja inayostahili kutajwa peke yake. Mwana anaweza kwenda katika ofisi ya wageni ya mji anamoishi, akaonyesha hati zake za mshahara na nyumba, na kutia sahihi tamko liitwalo Verpflichtungserklärung, ambalo kwalo anachukua dhamana ya gharama zote za mzazi, zikiwemo za matibabu yasiyolipwa na bima. Hilo ni deni la kweli kisheria, si barua ya heshima, kwa hiyo lisiombwe kwa shangazi wa rafiki. Karatasi halisi hutumwa Kenya, na mzazi huiwasilisha pamoja na ombi lake. Panga mapema, kwa sababu miadi katika ofisi za miji mikubwa ya Ujerumani huchukua muda kupatikana.

Kuna wazazi wanaouliza kama makubaliano ya uhamiaji ambayo Kenya na Ujerumani zilitia sahihi Berlin mwezi wa Septemba 2024 yamewafungulia mlango wa kukaa muda mrefu. Makubaliano hayo yanahusu wafanyakazi wenye ujuzi, wanafunzi na wanagenzi, pamoja na kurejeshwa kwa wasio na kibali. Mzazi anayezuru hakupata viza mpya humo. Anayetaka kupita siku 90 Ulaya huhitaji viza ya kitaifa, aina ya D, inayotolewa kwa shughuli maalumu kama masomo, kazi, kozi ya lugha au kuungana na mwenzi wa ndoa, na kila nchi ina sheria zake. Bibi anayekwenda kupakata mjukuu kwa kawaida haingii katika lolote la makundi hayo, na sioni busara ya kumsajili katika kozi ya lugha asiyokusudia kuisoma.

Hatua ya tatu: Uingereza, Kanada na Marekani zina hesabu nyingine

Viza ya kawaida ya mgeni wa Uingereza huruhusu hadi miezi sita kwa ziara moja, muda unaotosha majira ya baridi yote na sehemu ya majira yanayofuata. Ada yake ilipanda kufikia pauni 127 mwezi wa Aprili 2025, nayo hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo itazamwe upya katika tovuti ya serikali siku ya kulipa. Huwezi kuomba zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, na uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Zipo viza za miaka miwili, mitano na kumi, lakini hata aliye na ya miaka kumi hukaa miezi sita tu kila anapoingia, na hapaswi kuigeuza Uingereza kuwa makazi yake kwa kwenda na kurudi.

Suala la malezi nalo lielezwe bila kificho. Mwongozo wa Uingereza unamruhusu jamaa kumwangalia mtoto wa familia, mradi iwe ni ziara fupi na asiwe amegeuka kuwa yaya aliyeajiriwa. Kwa hiyo barua ya mwaliko ikisema kwamba mama anakuja kuwa na familia baada ya kuzaliwa kwa mjukuu na atasaidia nyumbani, hiyo ni kweli na inakubalika. Ikisema kwamba anakuja ili mkaza mwana arudi kazini na gharama ya chekechea iepukwe, ofisa atasoma ajira ndani yake. Bima haidaiwi, lakini mgeni anayelazwa hospitalini Uingereza hutozwa asilimia 150 ya gharama ya kawaida ya huduma ya afya ya taifa, nami nisingemruhusu mzazi wangu mwenye shinikizo la damu kupanda ndege bila bima.

Kanada ndiyo yenye chaguo pana kuliko zote. Viza ya kawaida ya mgeni hugharimu dola 100 za Kanada, na alama za vidole dola 85, ambazo zikishatolewa hutumika kwa miaka kumi. Mgeni huruhusiwa kwa kawaida miezi sita tangu siku ya kuingia, isipokuwa ofisa wa mpakani ameandika tarehe nyingine. Akiwa huko anaweza kuomba kuongezewa muda, na inashauriwa afanye hivyo siku 30 au zaidi kabla ya muda kwisha. Akiomba kabla ya muda kwisha, anaruhusiwa kubaki kwa masharti yale yale hadi uamuzi utoke.

Juu ya hiyo ipo viza kuu ya wazazi, mababu na mabibi, inayojulikana kwa jina la Super Visa. Tangu Julai 2022 humruhusu mzazi kukaa hadi miaka mitano kila anapoingia, na inaweza kutumika kuingia mara nyingi kwa kipindi kinachofika miaka kumi. Masharti yake ni magumu, na la kwanza huwaangusha wengi: mwana au mjukuu anayealika awe na umri wa miaka 18 au zaidi na awe raia wa Kanada au mkazi wa kudumu. Kijana wa Kisumu anayesoma Toronto kwa kibali cha masomo hawezi kumwalika mamake kwa viza hii, hata kama ana kazi nzuri ya jioni. Mama huyo ataomba viza ya kawaida. La pili, kipato cha mwalikaji kifikie kiwango kilichowekwa kulingana na idadi ya watu wa nyumba yake, mzazi anayekuja akihesabiwa miongoni mwao. La tatu, bima ya afya ya angalau dola 100,000 za Kanada kwa muda usiopungua mwaka mmoja, kutoka kampuni ya Kanada au ya nje iliyoidhinishwa na serikali ya huko, nayo iwe imelipiwa au imeanza kulipiwa kwa awamu. Karatasi ya makadirio ya bei haikubaliki. La nne, uchunguzi wa afya kwa daktari aliyeteuliwa na serikali ya Kanada. Ombi hufanywa mzazi akiwa nje ya Kanada. Kwa anayekwenda kwa miezi minne peke yake, viza ya kawaida inatosha na inampunguzia gharama. Super Visa ifuatwe na familia inayojua kwamba mzazi atarudi huko msimu baada ya msimu.

Marekani hutoa viza ya wageni iitwayo B-2 baada ya kujaza fomu ya DS-160, kulipa dola 185 na kuhojiwa ana kwa ana katika ubalozi ulioko Gigiri, Nairobi. Sheria yao humchukulia kila mwombaji kuwa mtu anayetaka kuhamia mpaka athibitishe vinginevyo, kwa hiyo majibu mafupi na ya kweli kuhusu nyumba, shamba, kazi na familia iliyobaki yana uzito kuliko bunda la karatasi. Kumbuka kwamba tarehe ya viza inahusu kufika mlangoni tu. Muda wa kukaa huamuliwa na ofisa wa uwanja wa ndege na kuandikwa katika rekodi iitwayo I-94, mara nyingi miezi sita, na rekodi hiyo huonekana kwenye mtandao. Iangaliwe wiki ile ile ya kufika.

Hatua ya nne: Kusanya hati ukiwa bado nyumbani

Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na huhitaji kwenda Nairobi kwa ajili hiyo, kwa maana idara ya uhamiaji ina ofisi Kisumu, Nakuru, Eldoret na Kisii. Anza hapo hata kabla mwana hajaandika mwaliko.

Kikwazo kinachowasumbua wazee wa eneo letu kuliko fedha ni majina. Mama aliandikishwa kwenye kitambulisho kwa jina la mumewe, kwenye cheti cha kuzaliwa cha mwanawe akaandikwa kwa jina la ujana, na karani mmoja akaongeza herufi pale ambapo mwingine aliiacha. Ofisa wa ubalozi hamjui mtu huyo. Yeye huona watu wawili tofauti, na undugu na mwalikaji unabaki bila ushahidi. Weka cheti cha kuzaliwa cha mwana, kitambulisho, pasipoti na cheti cha ndoa juu ya meza moja, uvisome herufi kwa herufi. Tofauti ndogo inaweza kuelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Tofauti kubwa ni afadhali irekebishwe katika usajili wenyewe, na kazi hiyo huchukua miezi.

Baada ya undugu, onyesha yanayokurudisha. Hatimiliki ya shamba au mkataba wa kukodi, barua ya pensheni, barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo, leseni ya biashara ya kaunti kwa mwenye duka sokoni Kibuye, stakabadhi za mauzo ya majani ya chai au miwa, taarifa ya akiba ya sacco: kila moja inasema jambo ambalo maneno matupu hayawezi kulisema. Mwenye mume, mke au watoto wa shule wanaobaki nyumbani awataje. Taarifa za benki na M-Pesa za miezi sita ziwe jinsi zilivyo. Familia nyingi huchangishana na kuitia akaunti ya mzazi laki tatu wiki moja kabla ya ombi, kisha zikashangaa kukataliwa. Fedha iliyoingia ghafla bila maelezo hudhoofisha ombi kuliko salio dogo linaloeleweka. Ikiwa mwana ndiye anayegharamia, aseme hivyo katika barua yake, na aambatishe hati zake za mshahara, kibali chake cha ukaazi na mkataba wa nyumba.

Wapo mawakala wanaoahidi viza ya uhakika na kujitolea "kutengeneza" taarifa ya benki. Waepuke kabisa. Uingereza inaweza kumfungia aliyewasilisha hati ya uongo kwa miaka kumi, na Kanada kwa miaka mitano, na adhabu humwangukia mwombaji aliyetia sahihi hata kama hakuisoma fomu yake. Mwana mwenyewe, akiwa mbele ya kompyuta huko aliko, anaweza kumjazia mzazi fomu kwa simu, akimsomea kila swali kwa lugha anayoielewa.

Hatua ya tano: Omba mapema, na usafiri kwenda kutoa alama za vidole

Ombi la Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla yake. Uamuzi hutarajiwa katika siku 15, lakini unaweza kufika siku 45. Anayetaka kuondoka mwanzoni mwa Desemba atafute miadi Agosti na awasilishe hati Septemba, kwa kuwa wengi huomba kwa ajili ya Krismasi. Kwa Uingereza, Septemba ndio mwanzo wenyewe.

Alama za vidole hutolewa Nairobi, na mwombaji huenda mwenyewe. Basi la usiku kutoka Kisumu au Kakamega linaweza kukufikisha alfajiri, lakini ajali moja barabarani au foleni ya asubuhi hutosha kukupotezea miadi. Kwa mzee, ni bora asafiri mchana wa siku iliyotangulia na alale kwa jamaa. Nauli hiyo ya ziada ni ndogo ikilinganishwa na kungoja miadi nyingine. Usinunue tiketi ya ndege isiyorudishiwa fedha kabla viza haijatoka. Nafasi iliyowekwa tu hutosha kwa maombi mengi.

Hatua ya sita: Siku ya kuingia na siku zinazofuata

Beba mkononi, si katika sanduku, nakala ya mwaliko, bima, tiketi ya kurudi, na anwani na simu ya mwenyeji. Viza haimlazimishi ofisa wa mpakani kukuruhusu. Anaweza kuuliza maswali yale yale, na majibu yafanane na yaliyo kwenye fomu. Katika nchi za Schengen mfumo mpya wa kusajili wanaoingia na kutoka, ulioanza tarehe 12 Oktoba 2025, huchukua picha ya uso na alama za vidole, nao unachukua nafasi ya mihuri ya pasipoti. Hesabu ya siku 90 hufanywa na kompyuta, kwa hiyo siku moja iliyozidi itaonekana.

Dawa za shinikizo au kisukari zichukuliwe za kutosha muda wote, zikiwa katika vifungashio vyake na pamoja na maandishi ya daktari, kwa sababu bima nyingi za wasafiri hazilipii ugonjwa uliokuwepo kabla ya safari. Na mzazi anayetoka kandokando ya Ziwa Victoria akipatwa na homa katika wiki za kwanza, aseme wazi kwa daktari kwamba ametoka eneo la malaria na aombe kupimwa. Daktari wa nchi ya theluji huona mafua kila siku katika msimu huo, na malaria huenda isimjie akilini haraka.

Ombi likikataliwa

Barua ya kukataliwa hutaja sababu. Isome mara mbili kabla ya kukasirika au kuomba tena siku ya pili kwa hati zile zile. Nchi za Schengen humpa mwombaji haki ya kupinga uamuzi, kila moja kwa utaratibu wake. Ujerumani iliondoa njia ya malalamiko ya bure kwa ubalozi tarehe 1 Julai 2025, hivyo huko hubaki mahakama au ombi jipya. Uingereza haitoi rufaa ya kawaida kwa viza ya mgeni. Mara nyingi ombi jipya lenye jibu la moja kwa moja kwa sababu iliyotajwa ndilo linalofaa: kama walitilia shaka kurudi kwako, leta ushahidi wa yanayokurudisha, kama walitilia shaka undugu, maliza kwanza lile suala la majina. Kila fomu inayofuata itauliza kama umewahi kukataliwa viza, na jibu ni ndiyo, pamoja na tarehe na nchi.